Spirit of Eden: Albamu Iliyolipiwa na Umaarufu wa Talk Talk

Mnamo Septemba 1988 Parlophone, lebo ya kampuni kubwa ya muziki ya Uingereza EMI, ilitoa albamu ya nne ya Talk Talk, bendi ya London ambayo kwa miaka sita ilikuwa ikijulikana Ulaya kwa nyimbo za pop zenye viitikio visivyotoka masikioni. Albamu hiyo, Spirit of Eden, ilikuwa na nyimbo sita tu zilizochukua takriban dakika 41, na tatu za mwanzo zilikuwa zimeunganishwa hata zikasikika kama utungo mmoja mrefu. Hapakuwa na wimbo ambao mtangazaji wa redio angeweza kuupenyeza kati ya tangazo na tangazo, na msikilizaji alipaswa kungoja zaidi ya dakika mbili kabla ya kuisikia sauti ya mwimbaji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili tu kabla ya hapo albamu ya tatu ya bendi hiyohiyo, The Colour of Spring, ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni mbili, kwa hiyo wenye kampuni walikuwa na kila sababu ya kutarajia mavuno mengine ya namna ile.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari za wasanii waliouasi muziki wa pop na kuukimbia umaarufu wao. Usimulizi huo unaacha nje jambo lenye uzito kuliko yote, kwamba fedha, muda na mitambo iliyotumika kuitengeneza Spirit of Eden vilitokana na umaarufu uleule, na kwamba bila nyimbo za pop za mwanzo isingepatikana kampuni ambayo ingekubali kulipia miezi kumi hivi ya studio kwa ajili ya muziki ambao haikuruhusiwa hata kuusikia ukiwa njiani. Mwenye kutaka kuielewa albamu hii hana budi kuanza na nyimbo hizo, ambazo baadhi ya wahakiki huziruka kana kwamba ni aibu ya ujana.

Talk Talk iliundwa mwaka 1981. Mwimbaji na mtunzi wake mkuu, Mark Hollis, alizaliwa mwaka 1955 Tottenham, kaskazini mwa London, na aliingia katika muziki kwa msaada wa kaka yake Ed, aliyekuwa meneja wa bendi ya Eddie and the Hot Rods. Pamoja naye walikuwapo Paul Webb kwenye gitaa la besi, Lee Harris kwenye ngoma na Simon Brenner kwenye vinanda. Wakati huo vijana wa Uingereza walikuwa wamevutwa na mtindo wa bendi zenye mavazi ya kifahari na sauti za sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe badala ya kutegemea nyuzi au mirija, na EMI tayari ilikuwa na bendi ya mtindo huo iliyopanda kwa kasi, Duran Duran. Kampuni iliona kwamba imepata pacha wake: Talk Talk nayo ilikuwa na jina la neno moja linalotajwa mara mbili, mtayarishaji wa albamu yake ya kwanza, The Party's Over ya mwaka 1982, alikuwa Colin Thurston yuleyule aliyewatengenezea Duran Duran albamu zao za mwanzo, na bendi hizo mbili zilisafiri pamoja, Talk Talk ikitangulia jukwaani. Wimbo wa Today ulifika nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza, na kwa macho ya nje kila kitu kilikuwa kinakwenda kama kilivyopangwa.

Hollis hakuridhika. Katika mahojiano ya miaka iliyofuata alieleza kwamba sintesaiza kwake ilikuwa njia ya kubana matumizi, kwa sababu bendi changa haikuwa na uwezo wa kuwalipa wapiga fidla na tarumbeta, na kwamba zaidi ya unafuu huo hakuipenda. Maneno hayo yanastahili kuaminiwa, kwa kuwa matendo yake yanayathibitisha: kila albamu ilipoleta fedha, fedha hizo zilitumika kuondoa mashine na kuingiza watu. Brenner aliondoka baada ya albamu ya kwanza, na nafasi ya mshirika wa utunzi ikachukuliwa na Tim Friese-Greene, mtayarishaji na mpiga vinanda ambaye hakutajwa rasmi kuwa mwanabendi lakini ndiye aliyeandika na Hollis sehemu kubwa ya kazi zilizofuata. It's My Life ya mwaka 1984 bado ilijengwa juu ya sintesaiza, na wimbo wake wa Such a Shame ulivuma sana katika nchi za bara la Ulaya kuliko ulivyovuma nyumbani Uingereza. Kufikia The Colour of Spring ya mwaka 1986 ala za asili zilikuwa zimeshika usukani, Steve Winwood ameitwa kupiga kinanda cha ogani, Danny Thompson ameitwa na besi yake kubwa ya kusimama, na albamu ikafika nafasi ya nane Uingereza. Wimbo wake wa Life's What You Make It una kipande kimoja cha piano kinachorudiwa karibu bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wimbo wa pop kwa kila kipimo, lakini anayeusikiliza leo akiwa anajua kilichofuata atatambua kwamba ujasiri wa kurudia kitu kidogo hadi kiwe kikubwa ulikuwa umeshaanza pale.

Ziara ya maonyesho ya albamu hiyo iliishia Hispania mwaka 1986, na baada ya hapo Talk Talk haikupanda jukwaani tena. Uamuzi wa namna hiyo ulikuwa na mfano mashuhuri: The Beatles waliacha ziara Agosti 1966, na mwaka uliofuata wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu iliyotungwa kwa kujua kwamba haitapigwa mbele ya hadhira. Bendi inapoacha jukwaa hupoteza mapato na hupoteza kuonana na mashabiki wake, lakini pia huondokewa na sharti moja kubwa, kwamba kila sauti iliyomo katika rekodi iwe sauti ambayo watu wanne au watano wanaweza kuitoa usiku kwa usiku.

Sharti la pili ni la fedha, na hapa inafaa kueleza namna kampuni za kurekodi zilivyokuwa zikiendeshwa. Kampuni huipa bendi malipo ya awali, ambayo kwa hakika ni mkopo unaorudishwa kutokana na mauzo, na kwa kawaida bendi isiyouza hubaki na deni na kusikiliza amri, ilhali bendi inayouza hupata sauti katika mazungumzo. Meneja wa Talk Talk, Keith Aspden, aliingia katika mazungumzo hayo akiwa na mauzo ya The Colour of Spring mkononi, na bendi ikapata kitu ambacho wasanii wachache wa daraja lake walikuwa nacho, yaani bajeti iliyoachwa wazi na uhuru wa kufanya kazi bila wajumbe wa kampuni kuja studio kusikiliza.

Studio iliyochaguliwa ilikuwa Wessex, katika mtaa wa Highbury, kaskazini mwa London, ndani ya jengo la zamani la kanisa ambamo Sex Pistols na The Clash walikuwa wamerekodi albamu zao maarufu. Kazi ilianza Mei 1987 na kumalizika Machi 1988. Fundi mitambo alikuwa Phill Brown, mtu aliyeanza kazi ya studio katika miaka ya 1960 na ambaye jina lake limo pia katika albamu ya Burnin' ya Bob Marley na The Wailers, na ni kumbukumbu zake alizoziandika baadaye zinazoeleza kwa undani jinsi chumba kile kilivyokuwa. Madirisha yalizibwa. Taa za kawaida zilizimwa, na badala yake kukawashwa projekta inayozungusha rangi za mafuta ukutani, kama ilivyokuwa desturi katika kumbi za muziki za miaka ya 1960, pamoja na taa inayowakawaka. Watu walifanya kazi humo kutwa hadi usiku bila kujua jua limefika wapi. Hali hiyo ilikuwa na gharama kwa miili na akili za wahusika, na si haki kuipamba. Lakini ilikuwa na lengo lake, kwani mwanamuziki asiyeona saa wala uso wa mtu anayemngoja hupunguza haraka ya kuonyesha ufundi wake.

Utaratibu wa kurekodi ulikuwa huu. Hollis, Friese-Greene na Harris waliweka kwanza msingi mwembamba wa ngoma na vinanda, kisha wakaalika wageni mmoja baada ya mwingine: Danny Thompson tena, mpiga fidla Nigel Kennedy, mpiga tarumbeta wa jazi Henry Lowther, Robbie McIntosh wa magitaa, Mark Feltham wa harmonika ambayo hupulizwa mdomoni, wapulizaji wa obo, klarineti na basuni ambazo zote ni za ukoo wa zumari, na kwaya ya Kanisa Kuu la Chelmsford. Alikuwamo hata Hugh Davies, mtafiti wa muziki wa kielektroniki ambaye katika ujana wake alimsaidia kazi mtunzi wa Kijerumani Karlheinz Stockhausen, akiwa na ala yake iitwayo shozyg, iliyofungwa ndani ya majalada ya buku la mwisho la ensaiklopidia. Buku hilo lilibeba maneno kuanzia SHO hadi ZYG, na jina la ala likatoka hapo. Mgeni aliketi gizani, akasikilizishwa msingi ule, akaambiwa apige anavyojisikia, pengine kwa saa nyingi, na ufundi wake ukahifadhiwa wote.

Baada ya mgeni kuondoka ndipo utunzi wenyewe ulipoanza. Mtambo wa kurekodia ulikuwa wa dijitali, wenye mikondo 32, yaani njia 32 za sauti zinazokwenda sambamba katika ukanda mmoja na ambazo kila moja inaweza kuguswa bila kuzidhuru nyingine. Tofauti na ukanda wa zamani, ambao kila nakala huongeza mchakacho, mtambo huo uliruhusu kipande kinakiliwe na kuhamishwa bila kuchakaa, kwa hiyo noti tatu zilizopigwa Jumatatu juu ya wimbo mmoja ziliweza kuchukuliwa na kupandikizwa mahali pengine kabisa, palipokuwa na nafasi ya kuzipokea. Sehemu kubwa ya kilichorekodiwa ilitupwa. Wanamuziki wenye majina makubwa walipiga kwa muda mrefu na wakabakiwa na sekunde chache, na wengine hawakubakiwa na kitu. Hollis alikuwa msikilizaji wa dhati wa Miles Davis, na njia hii ilikuwa na asili yake huko: In a Silent Way ya mwaka 1969 ilipatikana baada ya mtayarishaji Teo Macero kukata na kuunga kanda za upigaji wa papo kwa papo, na Sketches of Spain ya mwaka 1960, iliyopangwa na Gil Evans, ilikuwa imeonyesha jinsi tarumbeta moja inavyoweza kusimama katika uwanja mpana wa ala zinazonong'ona.

Ni vyema kusisitiza kwamba njia hii si ya wanamuziki wa jazi wanaopiga pamoja chumbani wakisikilizana. Katika Spirit of Eden wengi wa wapigaji hawakukutana kamwe, na mazungumzo yanayosikika kati ya fidla na harmonika yalitungwa na watu walioketi mbele ya mitambo. Ni kazi ya studio kwa kila hali, na studio ndiyo chombo ambacho muziki wa pop ulikifahamu kuliko muziki mwingine wowote. Tofauti ni kwamba chombo hicho, kilichozoea kujaza, safari hii kilitumiwa kupunguza.

Upunguzaji huo unasikika waziwazi katika ngoma. Katika nyimbo za pop za miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kila ngoma kuwekewa maikrofoni yake karibu, kisha mwangwi mkubwa ukaongezwa na kukatwa ghafla, na matokeo yake yalikuwa mshindo mzito usiofanana na ngoma yoyote iliyopata kupigwa ukumbini. Phill Brown aliziweka maikrofoni mbali, akaacha hewa ya chumba iingie, na kwa hiyo Harris husikika akiwa mbele ya msikilizaji, mwenye mkono mwepesi na subira ya ajabu. Katika I Believe in You anashikilia mdundo mmoja karibu wimbo mzima bila kujionyesha, na ni kwa sababu ya uthabiti huo kwamba kwaya inapoingia huonekana kuinuka kutoka sakafuni. Huenda Harris ndiye mwanamuziki anayestahili sifa nyingi kuliko anazopewa katika habari zote za albamu hii.

Msikilizaji mgeni hufaidika akijua mapema anachokwenda kukutana nacho. The Rainbow, wimbo wa kwanza, unaanza kwa tarumbeta iliyo mbali na nyuzi zinazoshikilia noti ndefu, kisha gitaa la kuteleza linaingia kwa mwendo wa bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, na baadaye harmonika ya Feltham inapitishwa katika kikuza sauti hadi inakwaruza kama gitaa la umeme lililozidiwa. Desire, wa tatu, unakaa kwa dakika nzima katika ogani na ukimya kabla ya kulipuka kwa ngoma na magitaa, kisha unarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea, na kulipuka tena. Mwenye kupandisha sauti ya redio ili asikie vizuri sehemu ya chini atashtuliwa na sehemu ya juu, na mshtuko huo umekusudiwa. Katika Inheritance zumari zinapewa nafasi peke yake katikati ya wimbo. Wealth, wa mwisho, ni ogani, piano na sauti ya Hollis ikiomba kwa lugha ya dini, ingawa alisema mara kadhaa kwamba fikra zake zilikuwa za kiutu zaidi ya za kikanisa. Sauti hiyo mara nyingi humeza maneno, na wapo wanaoihesabu hii kuwa kasoro. Hoja yao ina uzito, lakini inasahau kwamba katika albamu hii mwimbaji amejiweka safu moja na ala nyingine, na pale maneno yanapofumbwa mkazo wa pumzi hueleza kilichokusudiwa.

I Believe in You ndio wimbo ulio karibu zaidi na pop ya zamani ya bendi, na habari yake ni heroini, dawa ya kulevya ambayo Hollis aliona ikiharibu watu katika ulimwengu wa muziki. Kaka yake Ed alikuwa mtumiaji wa dawa hiyo na alifariki mwaka uliofuata, 1989, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba wimbo ulitungwa kwa ajili yake. Hollis alikanusha, na kanusho lake linafaa kuheshimiwa. Kampuni, ikitafuta kitu cha kuuza, iliufupisha wimbo huo na kuutoa peke yake, utaratibu ambao mashabiki huuita kutoa singo, na ikaagiza video inayomwonyesha Hollis ameketi na gitaa akiimba. Baadaye alijutia kukubali video hiyo. Wimbo uliofupishwa ulipoteza kile hasa kinachoupa nguvu, yaani muda wa kungoja.

Spirit of Eden ilifika nafasi ya 19 katika chati ya Uingereza, matokeo ambayo bendi nyingi zingeyafurahia, lakini mauzo yalikuwa madogo yakilinganishwa na ya albamu iliyotangulia, na hapakuwa na ziara ya kuyainua. Uhusiano na EMI ulikuwa umeshavunjika. Mkataba uliipa kampuni haki ya kuurefusha kwa kutoa taarifa ndani ya miezi mitatu baada ya albamu kukamilika. Bendi ilidai kwamba taarifa ilitolewa wakati umepita, na kampuni ikajibu kwamba muda haukuanza kuhesabiwa hadi yenyewe iliporidhika na kilichorekodiwa. Mahakama Kuu ilikubaliana na kampuni, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, na Talk Talk ikawa huru. Nyuma ya mabishano ya tarehe kulikuwa na swali zito zaidi, kama albamu hukamilika pale msanii anaposema imekamilika au pale mnunuzi anapoona anaweza kuiuza, na uamuzi wa rufani ulikuwa na manufaa kwa wasanii. Hata hivyo si sawa kuwachora watu wa EMI kama maadui wa sanaa: walilipia miezi yote ile, wakaipokea kazi waliyopelekewa, wakaitoa bila kubadilisha mpangilio wake.

Kosa lao la kweli lilikuja baadaye. Mwaka 1990 walitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani, Natural History, uliouza vizuri kupita matarajio, na mwaka 1991 wakaufuatisha na History Revisited, ambamo nyimbo za bendi zilichanganywa upya na watu wengine kwa ajili ya kumbi za dansi bila idhini ya watunzi. Bendi ilishtaki tena, na kampuni ikakubali kuharibu nakala zilizobaki.

Paul Webb, ambaye sehemu yake ilikuwa imepungua kadiri besi za wageni zilivyoongezeka, aliondoka baada ya Spirit of Eden. Waliobaki walirudi Wessex na Phill Brown kutengeneza Laughing Stock, iliyotolewa na lebo ya Verve mwaka 1991, kali zaidi na yenye ukimya mwingi zaidi, kisha bendi ikakoma. Webb na Harris waliendelea kupiga pamoja katika kikundi chao cha .O.rang, na Webb baadaye, kwa jina la Rustin Man, akatengeneza Out of Season ya mwaka 2002 na mwimbaji Beth Gibbons. Hollis alitoa albamu moja kwa jina lake mwenyewe mwaka 1998, akaacha muziki wa hadharani, na akafariki Februari 2019 akiwa na umri wa miaka 64.

Katika miaka ya 1990 wahakiki walianza kuzungumzia muziki wa baada ya roki, wakiwa na maana ya muziki unaotumia magitaa na ngoma za roki kwa kutafuta mandhari ya sauti badala ya ubeti na kiitikio, na Spirit of Eden ikatajwa kuwa mmoja wa wazazi wake. Ukoo huo upo, lakini unaeleza sehemu tu ya urithi. Mwaka 2003 bendi ya Marekani No Doubt iliimba upya It's My Life, wimbo wa mwaka 1984, na kuufikisha kwa vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa. Baadhi yao, wakimtafuta mtunzi wake, walifika hadi The Rainbow, wakaanza kuisikiliza tarumbeta ile ya mbali.